Kijana Aliyekatwa Mshahara kwa Sababu ya Povu

Kuna kijana mmoja wa kaunta pale Tunduma alikatwa mshahara miezi minne mfululizo kwa kosa ambalo halikuwa lake. Kosa lilikuwa la gesi. Mtungi uliosimama kimya kwenye kona ya stoo ndio uliokuwa unakula hela ya bosi, halafu bili anapelekewa dogo.

Wanaoijua Tunduma wanaujua usiku wake. Malori yamepangana kusubiri kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Kwacha na shilingi zinabadilishana mikono, dereva wa Lubumbashi anakaa meza moja na dereva wa Dar, na nyama choma haizimwi jiko. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa Oktoba 2019, marais wa nchi zote mbili wakiwepo, lakini foleni bado ina siku zake. Dereva akikwama siku mbili, lazima akae mahali anywe kitu.

Mama mwenye baa hii aliliona hilo mapema. Alianza na magunia ya mahindi, akajenga ghorofa moja, juu akaweka kaunta inayotazama barabara kuu. Kwa muda mrefu aliuza bia za chupa tu. Vijana wa mjini wakaanza kuulizia drafti, maana glasi yenye povu jeupe juu inapendeza kwenye picha, chupa kila mtu anayo. Mama akanunua mtambo uliotumika: mapipa kwenye chumba baridi chini, bomba mbili juu kaunta, na mpira wa mita 18 unaopanda ukutani kuunganisha huku na kule. Mtungi mmoja wa hewa ukaa ukasukuma kila kitu.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Pipa la lita 30 kwa glasi ya nusu lita ni glasi 60. Hakuna baa inayozipata zote, kidogo lazima kipotee kwenye kusafisha mipira na kufungua pipa jipya. Lakini mama alikuwa anaona glasi 45, siku nyingine 43. Na kilichomchoma zaidi ni kwamba Ijumaa na Jumamosi pipa lilelile lilitoa glasi 57.

Ijumaa na Jumamosi kaunta alikaa mtoto wa dada yake. Jumatatu mpaka Alhamisi alikaa yule kijana.

Hapo nani asingemshuku? Mdogo wake mama, aliyekuwa anasimamia baa, alishapitisha hukumu: "Dada, huyu dogo anauza pembeni." Kijana akaitwa, akajitetea, "Mama, ni povu. Namwaga povu ndoo nzima." Mama akamtazama. "Povu linachagua siku?"

Dogo hakuwa na jibu. Mshahara wake ulikuwa 180,000, ikaanza kukatwa 60,000 kila mwezi. Cha kushangaza hakugombana. Alinunua daftari la kurasa 48, akawa anaandika kila pipa limefunguliwa lini, limeisha lini, limetoa glasi ngapi. Wenzake wakamcheka kwamba anasomea uhasibu.

Mwezi wa nne umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, mashine ya chumba baridi ikagoma. Akaletwa fundi mzee kutoka Mbeya, Mnyakyusa mmoja mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alipomaliza kazi yake dogo akamfuata. "Shikamoo mzee. Hivi povu linaweza kuchagua siku?"

Mzee akaomba kuona hilo daftari. Akasoma kurasa tatu, akauliza swali moja tu: mpira una urefu gani? Alipoambiwa mita 18 na unapanda ghorofani, akacheka taratibu.

Mambo yenyewe ni haya. Bia inakuja na hewa ukaa yake ndani, ndiyo inayoleta vile vipovu. Ili isiipoteze wala isiongeze, gesi inayokaa juu yake ndani ya pipa lazima iwe na presha maalumu. Kwa laga ya kawaida yenye ubaridi wa nyuzi 3, ukiwa usawa wa bahari, geji inatakiwa isome kama psi 12, psi zilezile wanazozijua madereva kwenye matairi. Kaunta ikiwa hatua mbili tu kutoka kwenye pipa, hiyo 12 inatosha kuisukuma bia mpaka kwenye glasi na maisha yanaendelea.

Mita 18 ni habari nyingine. Mpira unabana bia njia nzima, na kila mita moja ya kupanda juu inakula karibu psi 1.4. Aliyefunga mtambo aliona bia inachechemea, akapandisha presha mpaka 25, bia ikatoka vizuri, akalipwa akaondoka. Hakuna aliyewaza kwamba bia nayo inakunywa. Iweke chini ya hewa ukaa tupu yenye presha 25 na itaendelea kuimeza siku baada ya siku, mpaka ishibe kupita kiasi. Ukifungua bomba, gesi yote inataka kutoka kwa wakati mmoja. Hilo ndilo povu.

Na ndiyo maana lilichagua siku. Jumamosi pipa linafunguliwa saa 12 jioni na saa 3 usiku limeisha, bia haijapata muda wa kunywa gesi. Pipa la Jumatatu linakaa mpaka Alhamisi, siku nne zote linashiba. Tarehe zote zilikuwa kwenye daftari la dogo.

Mzee alimweleza mama. Mama akasikiliza, akashukuru, akamlipa. Lakini mdogo wake alipoondoka mzee akasema, "Dada, fundi na dogo lao moja, wanataka ununue mashine." Mwisho wa mwezi 60,000 ikakatwa tena. Asubuhi yake kijana akaacha funguo za kaunta na daftari juu ya meza, akapanda Kosta ya kwenda Vwawa.

Mtoto wa dada akahamishiwa katikati ya wiki. Jumatatu akafungua pipa, Alhamisi likaisha. Glasi 44.

Inasemekana usiku ule mama hakula. Asubuhi alimpigia mzee wa Mbeya, na tangu hapo akawa mwanafunzi. Hapa ndipo wengi wenye ndoto ya kufungua sehemu ya drafti wanapopigwa, maana kila mtu ana dawa yake.

Dawa ya kwanza aliileta mdogo wake: kompresa ya kujaza upepo matairi, Tunduma zimejaa kila kona. Upepo ni wa bure, usukume bia. Mzee alikataa hata kuijadili. Upepo wa kawaida una oksijeni, na oksijeni ikiingia kwenye pipa bia inaharibika ladha ndani ya siku moja, inaanza kunukia kama karatasi iliyolowa. Bado hujaongelea mafuta ya kompresa yanayopita humo humo.

Dawa ya pili ilikuwa kwa jirani. Yeye alitumia mtungi uliochanganywa tayari kiwandani, robo hewa ukaa na robo tatu naitrojeni. Akili ya kuchanganya ni nzuri: naitrojeni haipendi kuyeyuka kwenye bia, kwa hiyo inasaidia kusukuma bila kuishibisha. Lakini huo mchanganyiko ni wa stauti nyeusi. Guinness ndio walioleta naitrojeni kwenye bia ya bomba, mwaka 1959, kwa ajili ya lile povu laini kama maziwa. Ukiuweka kwenye laga, hewa ukaa ya robo haitoshi kuilinda bia, gesi inaitoka polepole. Kwa jirani povu lilikuwa limekwisha kweli, ila wateja walikuwa wanasema bia ya pale imelala. Halafu kuna hasara nyingine. Mtungi wa hewa ukaa tupu ndani una kimiminika, ndiyo maana mmoja unakwenda mbali. Wa mchanganyiko una gesi tu, unaisha haraka, na Tunduma kuufuata mwingine ni safari.

Dawa ya tatu ilikuja na muuzaji wa Dar kwa simu, kijana mwenye maneno matamu. Alitaka mama achukue seti kubwa: mashine ya kuchanganya yenye njia mbili, moja ya laga na moja ya stauti, pamoja na mtambo wa kutengeneza naitrojeni kutoka kwenye hewa. Ni vifaa vizuri kwa hoteli yenye bomba 12. Mama alikuwa na bomba mbili, zote za laga, na umeme wa kuvizia. Mtambo wa naitrojeni bila umeme ni fenicha.

Mzee wa Mbeya naye alikuwa mkweli kiasi cha kujinyima kazi. "Mama, ukihamishia mapipa chini ya kaunta, mita mbili tu, huhitaji mashine yoyote. Mtungi wako mmoja unatosha." Mama akapima. Kaunta yake ilikuwa nyembamba na sakafu ya juu isingebeba friji la mapipa. Kwa wengi wanaosoma hapa jibu lingeishia hapo, na hela ingebaki mfukoni.

Ikabaki mashine ya kuchanganya yenye njia moja. Ni kiboksi cha kufunga ukutani: upande mmoja inaingia hewa ukaa, upande mwingine naitrojeni, na inatoa mchanganyiko uliopimwa. Nyingi huja zimefungwa uwiano kiwandani, na hapo ndipo mzee alipochomoa kalamu.

Majedwali mengi yanayokuja na vifaa hivi yameandikwa kwa mtu aliye usawa wa bahari. Dar sawa. Tunduma ipo juu, zaidi ya mita 1,500, na huko hewa yenyewe ni nyepesi. Pwani hewa inakandamiza kwa psi 14.7, Tunduma ni kama 12. Geji haijui hilo, yenyewe inasoma tofauti tu kati ya ndani ya mtungi na nje. Kwa hiyo laga inayohitaji 12 kule Dar, Tunduma inahitaji 14 na nusu ili ibaki vilevile.

Akapiga hesabu ya mchanganyiko. Kwa presha 25 ya kusukuma, jedwali la pwani linasema hewa ukaa iwe kama asilimia 67. Kwa Tunduma inatoka kama 72. Muuzaji alikuwa na mashine za 60 kwa 40 na za 70 kwa 30, akasisitiza ya 60 kwa sababu ndiyo inayotoka sana. Mzee akasema hiyo 60 kwa presha 25 itamfikisha kwenye matatizo ya jirani, bia kulala. Chukua ya 70, kisha usukume kwa 26 badala ya 25, hesabu inakaa. Tofauti ya psi moja, na hakuna mteja atakayejua kuna mtu aliifikiria.

Kuna jambo moja zaidi alilomwambia akague kabla ya kulipa: gesi moja ikiisha, mashine inafanya nini? Mashine nzuri inafunga kila kitu. Ya bei chee inaendelea kutoa ile iliyobaki, na wewe usiku wa Ijumaa unasukuma laga kwa naitrojeni tupu bila kujua. Na gesi yenyewe iwe ya daraja la chakula, ile ya kuchomelea vyuma ibaki gereji.

Kuhusu hewa ukaa, watu wa kanda hii wamekaa juu ya mali bila kujisifu. Wilayani Rungwe, eneo la Kyejo, inatoka ardhini yenyewe kwa sababu ya volkano za kale. TOL Gases wanaivuna na kuisafisha, ndiyo inayokwenda kwenye soda na bia. Hao TOL ndio kampuni ya kwanza kabisa kuorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, Aprili 1998. Kutoka Tukuyu mpaka Tunduma si mbali kihivyo. Naitrojeni ya mama ilitoka Dar, zaidi ya kilomita 900, ndiyo maana mzee alimshauri awe na mtungi wa akiba muda wote.

Mama alipofikia kulipia, alitaka kupunguza kitu kimoja: kengele ya gesi ya kufunga kwenye chumba baridi. Aliona ni urembo. Mzee, ambaye hakuwahi kupandisha sauti hata siku moja, hapo alipandisha.

Hewa ukaa haina rangi, haina harufu, na ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inakaa chini kama maji kwenye karai. Upande wa Goma, kule Kongo, watu wanayo hata jina lake, mazuku. Ni mabonde madogo yanayojaa gesi hiyo kutoka ardhini, mbuzi anashuka kula majani hapandi tena, na binadamu vilevile. Chumba baridi kilichofungwa mlango, chenye mpira unaovuja, ni mazuku uliyoijenga mwenyewe. Ikifika asilimia 4 ya hewa ya chumba, maisha ya mtu yapo hatarini hapo hapo. "Na anayeingia humo saa 8 usiku kubadilisha pipa si wewe Mama," mzee akasema. "Ni mtoto wa mtu unayemlipa 180,000."

Kengele ilifungwa. Mitungi ikatolewa chumba baridi, ikawekwa nje penye upepo, imesimama wima, imefungwa mnyororo.

Siku ya kwanza mashine kufanya kazi, mzee alikunywa glasi moja tu, akasema "ndaga fijo" na kuaga. Pipa la Jumatatu likafika Alhamisi. Glasi 56.

Hapo sasa ikabaki hesabu ambayo hakuna fundi wa kuipiga. Mama alichukua lile daftari, akajumlisha. Mara nne 60,000 ni 240,000. Mteja wake mmoja anayefanya kazi za sheria alipoisikia stori akamwongezea nyingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inasema mwajiri hakati mshahara kufidia hasara mpaka iwe kweli ni kosa la mfanyakazi, amweleze kwa maandishi ni kiasi gani na kimepatikanaje, ampe nafasi ya kupinga, na hata hapo makato yasizidi robo ya mshahara. Robo ya 180,000 ni 45,000. Kwa hiyo hata kama dogo angekuwa mwizi wa kweli, bado ile 60,000 ilikuwa nje ya mstari.

Mama hakutuma mtu. Alipanda gari mwenyewe mpaka Vwawa, akamkuta kijana kwenye mgahawa mmoja anapanga vikombe. Akamwita "mwanangu", akampa 240,000 mkononi, na akamwambia maneno ambayo mabosi wengi hawayawezi: "Ulisema kweli, sikukusikiliza." Akamwomba arudi, kwa mshahara mkubwa zaidi.

Kijana alizihesabu mbele yake, akashukuru kwa heshima zote. "Nashukuru Mama. Hela nimepokea. Ila kule kila mtu ananijua kama mwizi, na hakuna aliyewatangazia vinginevyo."

Mama alirudi Tunduma peke yake. Jumatatu iliyofuata aliwakusanya wafanyakazi wote, mdogo wake akiwepo, akawasomea lile daftari ukurasa kwa ukurasa na kusema wazi nani alikuwa sahihi. Mdogo wake alitazama simu muda wote. Baadhi ya wateja wa siku nyingi wameshaambiwa, wengine bado wanauliza "yule mwizi wenu alienda wapi?", na mama huwajibu mmoja mmoja.

Kijana bado yupo Vwawa. Amepigiwa simu mara mbili tangu hapo, mara zote amesema anafikiria. Ungekuwa wewe, ungerudi?